Katekista wa Majina Yasiyoitika

Mwaka wa 1984 nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na hapo ndipo shida iliponishika. Mvua ilikataa, mahindi ya manjano ya msaada yakaja yakaisha, na asubuhi moja baba alikunja gunia tupu, akaliweka kwapani, akasema anateremka Mwea kutafuta mchele. Hakurudi. Niliacha shule darasa la nne nikaanza kuchuna majani chai ya watu huko kwetu Othaya. Yangu yanatosha hapo. Nimeyataja kwa sababu bila hayo hutaelewa kwa nini mtu kama mimi, ambaye hata ujumbe wa simu ananiandikia msichana wangu, alikaa miaka akimzunguka mzee mmoja wa saiba, duka la kompyuta na mtandao, kule Kerugoya kama mbuzi anayezunguka kigingi.

Tulimwita Katekista. Kanisani alikuwa ameiacha kazi hiyo ya kufundisha dini kabla sijamjua, lakini jina lilimganda. Jina lake la kitambulisho ninalijua. Alinikataza kuliandika popote, na mimi nikimpa mtu neno silirudishi.

Chumba chake kilikuwa nyuma ya duka la chakula cha ng'ombe, karibu na ofisi za kaunti. Ukiingia, pua inapata kwanza pumba na omena, wale dagaa wa kuku, halafu ile harufu ya karatasi inayotoka kwa printa ikiwa bado moto. Watu walienda kwake kuchapisha barua na kuomba vyeti. Hayo aliyafanya kama mtu anayefagia uwanja. Kazi aliyoiheshimu ilikuwa moja: kusajili majina ya tovuti, haya yanayoishia kwa .ke, ambayo vijana huyaita domeni. Wauza mchele wa Wang'uru, huko Mwea, walimjua. Wenye hoteli za Karatina walimjua. Hata watu wa majani chai kutoka Kangari walipanda gari mbili kuja kwake, na kwao kuna saiba tele.

Walikuja kwa sababu jina lililopita mkononi mwa Katekista halikupotea. Kwingine ulilipa, mwaka ukaisha, kijana wa saiba akahamia Nairobi, na ukija kuangalia jina la duka lako unakuta limechukuliwa na watu wa kamari. Katekista alikupigia simu kabla mwaka haujaisha. Usiposhika simu alikufuata sokoni, mbele ya wateja wako, akakuuliza kama umeamua kuua mtoto.

"Jina hununui," alikuwa akisema. "Unalikodi. Ukiacha kulilipia linarudi nje, na huko nje hakuna mtu anauliza lilikuwa la nani."

Hakupenda yale majina ya ng'ambo, ya .com. Nilikuwepo siku moja daktari wa meno alipokuja na viatu vyake vya kung'aa akitaka hilo.

"Nataka nijulikane dunia nzima," daktari alisema.

"Dunia nzima ipande ndege ije kung'olewa meno Kerugoya?"

"Ni heshima tu, mzee."

"Com ni soko, daktari. Mtu akipotea hatafutwi sokoni. Anatafutwa kwao. Andika ke."

Daktari aliandika ke. Mimi nilicheka mpaka nikakohoa. Katekista hakucheka. Alikuwa anamwangalia daktari vile unavyomwangalia mtu aliyekaribia kuanguka mtoni bila kujua.

Watu walimheshimu, lakini pia walimwogopa kidogo, na sababu ni hii. Ukimpa jina unalotaka, hakugusa kompyuta. Alisimama kwanza, akafungua mlango wa nyuma unaoangalia bonde, akaliita hilo jina kwa sauti, vile mtu anaita mwenzake aliye shamba la ng'ambo. Akasikiliza. Akaliita tena. Akasikiliza. Ndipo akarudi kuketi na kuangalia kwa mashine kama liko wazi. Fikiria mzee na koti na kofia akiliambia bonde jina la duka la misumari: "Upendo Hadweya." Mara mbili. Na ukungu huko chini umekaa tu, haujibu.

Nyanya yangu alitufundisha kwamba mzimu huita mara moja na mtu huita mara mbili, kwa hivyo mtoto asiitike mwito wa kwanza. Nilimwuliza Katekista kama ndiyo sababu anaita mara mbili.

"Hapana," akasema. "Mara ya kwanza ni ya kumwamsha."

"Kumwamsha nani?"

"Kama hakuna mtu, basi hakuna aliyeamka." Akavuta kiti akaketi.

Mwanamke aliyekuwa na lile duka la mbele, tuliyemwita Mama Pumba, alikuwa na hadithi mbaya zaidi. Walitenganishwa na ukuta wa mbao. Aliniambia, mimi aliyeniita Mzee wa Mchele kwa sababu ya biashara yangu, kwamba kuna alasiri, mvua ikinyesha na hakuna mteja, anamsikia Katekista akiita majina ambayo si ya biashara.

"Ni ya watu, Mzee wa Mchele. Watu kabisa. Anaita kama mwalimu na rejista. Anaita, ananyamaza vile mtoto angeitikia, halafu anaita mwingine."

"Na nani anaitika?"

"Hakuna. Na yeye hakasiriki, anaendelea tu. Ati kama amezoea."

"Na wewe unafanya nini?"

"Mimi naongeza redio."

Ni yeye pia aliyeniambia kwamba zamani mama mmoja alikuja kutoka upande wa Sagana, akakaa chini mlangoni kwa Katekista akalia. Kumbe Katekista alikuwa amemwambia shemeji ya huyo mama jambo fulani, kwa uzuri tu, na yule shemeji akalitumia kuuza shamba la marehemu, mama akabaki barabarani na watoto. Ni jambo gani, Mama Pumba hakujua. Alichojua ni kwamba tangu siku hiyo Katekista hakumjibu mtu swali kabla mtu huyo hajasema mwenyewe, kwa mdomo wake, anatafuta nini. Ungemwuliza hata njia ya kwenda choo, naye angekuuliza unaenda kufanya nini huko.

Alikuwa hivyo, mtu wa pande mbili. Mpole kwa mashine, mkali kwa mwenye mashine. Hakusema uongo, lakini kwa drafti alikuibia kete mchana peupe, na ukimshika anasema, "Shetani amepita hapo." Alisali asubuhi na jioni, lakini mazishini hakuonekana. Sisi huku milimani mazishi ni kazi ya kila mtu, usipoenda ya jirani yako, yako yatakuja kuwa ya wewe peke yako. Yeye hakuenda hata ya kasisi. Nilimwambia watu wanamsema.

"Wanaozikwa na watu hawanihitaji," alinijibu, akiwa anaifuta kioo kompyuta moja kwa mkono wa sweta.

Nilifikiri ni kiburi. Mimi najua kiburi, niko nacho, kwa hivyo nilimwacha na chake.

Sasa niseme nilivyofika kwake. Nilikuwa nimetoka kwa majani chai nikaingia kwa mchele. Nilinunua Wang'uru, nikauza Nyeri na Karatina, gunia moja mgongoni, halafu mkokoteni, halafu lori. Hakuna mtu alinishika mkono. Msichana wangu mkubwa, Wangari, ambaye nilimsomesha mpaka diploma, alikuja kuniambia wanunuzi wa Nairobi wanataka kutuona kwa mtandao.

"Baba, bila jina letu huko sisi ni watu wa kando ya barabara."

"Mimi ni mtu wa kando ya barabara," nikamwambia. "Na gari zinasimama."

"Zitasimama kwa mwenye tovuti."

Nikakubali. Lakini jina nilichagua mimi. Kwetu, kijana wa kwanza hupewa jina la baba ya baba yake, ili mzee arudi. Mungu alinipa wasichana watupu, na siwezi kulalamika, wananishinda akili. Jina la mama yangu lilirudi, ni huyu Wangari. La mama ya mke wangu lilirudi. La baba halikurudi. Watu walidhani nahuzunika. Sikuhuzunika hata kidogo. Kijijini kote ilijulikana kwamba baba alipata mke mwingine huko chini kwa joto akasahau njia. Mama alikufa akiamini hivyo. Nilitaka jina lake liandikwe juu ya magunia yangu na lionekane Kenya nzima, ili popote alipojificha alione, ajue mtoto aliyemwacha na njaa sasa analisha wengine, na tumbo limuume.

Aliitwa Mbuthia. Lakini kijijini walimwita Mbuthia Kamwaki, yaani wa moto mdogo, kwa sababu alfajiri aliamka wa kwanza, na nyumba ambazo moto umezimika usiku alizipelekea kaa la moto kwenye kigae. Jina hilo lote, la kwanza na la pili, lilijulikana kwa kijiji kimoja tu.

Tuliingia kwa Katekista, mimi na Wangari. Akaniuliza jina. Nikamwambia: Mbuthia Kamwaki, pamoja, .co.ke.

Nilingoja asimame aende mlangoni. Hakusimama. Mikono yake ilitoka kwa kompyuta ikakaa magotini. Hilo ndilo jina pekee ambalo sikumwona akiliita.

"Limechukuliwa," akasema.

"Lakini hujaangalia," Wangari akamwambia.

"Angalia wewe."

Wangari akaandika. Lilikuwa limechukuliwa kweli. Akalifungua, na kioo kikawa cheupe chote, hakuna picha, hakuna simu, hakuna bei. Katikati palikuwa na mstari mmoja wa maneno kwa Kikuyu, na chini yake kisanduku kidogo cha mtu kuandika jibu.

"Inasema nini?" nikauliza.

"Inasema: Nani anauliza, na amekula?"

Nilishika meza. Nitaeleza kwa nini. Mtu akija kwetu akaita langoni, baba hakusema karibu. Aliuliza kutoka ndani, "Nani anauliza, na amekula?" Alisema hivyo kwa mgeni, kwa jirani, kwa askari kanga wa chifu. Alisema hivyo hata mwaka ule wa njaa, wakati jikoni hapakuwa na kitu cha kumpa mtu, na mama akamkemea. Sijasikia mtu mwingine akisema hivyo maisha yangu yote. Na sasa yalikuwa hapo kwa kioo, kama ameketi upande ule mwingine wa ukuta akingoja nijibu.

"Baba Wangari," Katekista akaniambia polepole, "kuna mtu unatafuta?"

"Natafuta jina la mchele."

"Mchele tu?"

"Mchele tu. Uko na lingine?"

"Basi chagua lingine."

Tulisajili jina langu mimi. Alilipeleka mlangoni akaliita, na nilisikia jina langu likishuka bondeni, nikakaza meno nisiitike.

Kuanzia hapo nilijua. Nilijua baba yuko hai. Mtu aliyekufa hawezi kuuliza swali, na jina halilipiwi kila mwaka na maiti. Yuko mahali, mzee sasa, amepata mtu wa kumwandikia, na badala ya kuja nyumbani kuomba msamaha ameweka swali lake kwa mtandao na kukaa. Wangari aliniambia tujibu, ni kuandika tu, "Ni mimi." Nilikataa. Mimi nimtafute? Njia anaijua, ni yeye aliyeishuka.

Kila mwaka nilipoenda kulipia jina langu, Katekista aliniuliza vilevile, bila kuinua macho.

"Lile lingine, bado unalitaka?"

"Nalitaka."

"La nini?"

"La mchele."

"Basi bado."

Usifikiri sikulifungua lile jina. Wangari aliniwekea kwa simu. Nilikuwa nikiegesha lori Wang'uru, kando ya mfereji, pale malori yanapongojea kupimwa, nalifungua hapo nikiwa peke yangu ndani ya lori, jua likiwaka kwa mashamba ya mchele. Nani anauliza, na amekula? Nakula ndizi yangu nikiangalia hayo maneno. Mara nyingine nilihisi mtu amesimama nje ya mlango wa lori upande ule wa maji. Nikigeuka ni kongoti tu, ndege weupe wa mpunga. Nililaumu joto. Lakini niliona pia kwamba sikupenda kuegesha mahali pengine.

Siku moja niliingia kwa Katekista nikakuta hayuko, ameenda kanisani kusali mchana. Mlango hakuwa amefunga, hakuna mtu Kerugoya angemwibia. Kompyuta zote zilikuwa zinawaka. Na kila moja ilikuwa nyeupe, na mstari mmoja katikati. Mimi husoma polepole, kwa hivyo nilisimama mbele ya kila moja. Moja iliandikwa, "Mbuzi wamefungwa?" Nyingine, "Nimesikia baridi ya miguu." Nyingine, "Mwambieni nilifika daraja." Ile ya mwisho iliandikwa neno moja, "Mama." Hakuna mashine iliyotoa sauti. Mama Pumba alikuwa amezima redio yake. Nilitoka kinyumenyume, sikuwapa mgongo.

Nikaamua Katekista anamjua baba, na ndiye anayemfichia. Nilimngoja nje. Alipokuja nikamkabili.

"Mwambie huyo mtu wako akitaka kuniona aje. Mimi nyumba yangu iko na lango na kila mtu analijua."

"Mtu gani?"

"Unamjua."

"Sema wewe, ni nani huyo."

"Siwezi kumtaja mtu ambaye hakunitaja."

Alinitazama, na nikaona amechoka. "Wewe na mimi," akasema, "tutakufa tukiwa tumesimama hapa." Akaingia akafunga mlango. Tulikuwa watu wawili wa milimani, kila mmoja akimngoja mwenzake aongee kwanza. Mtu wa pwani angemaliza jambo hilo kwa kikombe kimoja cha kahawa.

Halafu msimu mmoja wa baridi, Julai, ukungu hautoki, Wangari alikuja mbio kutoka ghalani.

"Baba, ile jina imezimwa."

Nilifungua simu. Hakuna kioo cheupe, hakuna swali. Wangari alinieleza mambo yalivyo: mwaka wake umeisha na mwenyewe hajalipia, kwa hivyo limewekwa siku za kungoja. Zikiisha, liko wazi kwa yeyote. "Na kuna watu kazi yao ni kuvizia tu," alisema. "Wa kamari wanaweza kuichukua, waweke picha za mpira na wasichana."

Mimi niliyekuwa nikilitaka jina hilo limuumize mtu, sasa lilikuwa karibu kuachwa, na nilichoweza kufikiria ni kwamba amekufa. Amekufa akiuliza, na mimi niliona swali miaka yote nikanyamaza. Nikamwambia Wangari achukue kompyuta yake aingie kwa lori.

Saiba ilikuwa imefungwa na kufuli. Mama Pumba alituambia ni wiki nyingi. "Sukari imeshika macho. Yuko kwake, juu karibu na msitu. Haoni hata mkono wake."

Tulipanda. Barabara inaishia kwa majani chai na zaidi ya hapo unatembea. Ilikuwa mchana lakini ungefikiri ni jioni, ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwa ua. Kabla hatujaona nyumba tulimsikia. Alikuwa anaita. Sauti yake ilitoka mahali kwa huo weupe, jina, kimya, jina, kimya, na kila kimya kilikuwa na urefu wa mtu kuvuta pumzi na kujibu. Wangari alinishika koti kama alivyonishika akiwa mtoto.

"Mbuthia Kamwaki," ukungu ukaita.

Nilisimama. Ule ulikuwa mwito wa kwanza.

"Mbuthia Kamwaki."

"Hayuko," nikasikia mdomo wangu ukisema. "Mimi ni mtoto wake. Nimekuja kumtafuta."

Halafu Katekista akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mtu aliye karibu, "Karibu, Baba Wangari. Umekula?"

Alikuwa ameketi nje kwa kiti cha mbao, blanketi mabegani, uso umeelekea upande ambao hatukuwa. Alituambia tukae. Akatuambia yote, na sasa hakuhitaji kuulizwa.

Mwaka ule wa njaa alikuwa katekista kijana kule Wang'uru. Watu wa milimani waliteremka wengi kutafuta mchele, na mbu wakawakuta. Watu wa baridi hawakuijua malaria. Walianguka barabarani, na yeye na wengine wakawabeba mpaka kwa darasa la kanisa. Wengine walikufa bila mtu wa kuwajua. Aliwazika. Kabla hawajafa aliwauliza jina, na kile walichosema akakishika. Miaka mingi alitangaza majina hayo kanisani, hakuna aliyekuja. Akalipia redio. "Redioni jina linasikika mara moja tu," alisema. "Kama siku hiyo uko shambani, basi." Alipojifunza kompyuta akaona kuna mahali jina linaweza kukaa mchana na usiku. Akawasajili, mmoja mmoja, kila mmoja kwake. Habari zao hakuandika, baada ya lile jambo la shamba la Sagana, alipomwambia yule shemeji kwamba ndugu yake amekufa. Aliweka tu neno ambalo mtu wao angelijua.

"Baba yako nilimwuliza jina," akasema. "Alikuwa anatetemeka na joto la mwili. Akaniuliza, nani anauliza, na amekula? Nikamwambia ni katekista, na hapana, sijakula. Akafungua gunia lake akanipimia konzi moja ya chenga za mchele. Ndipo akanitajia jina lake lote. Nikamwuliza kwao. Akasema juu, kwa baridi. Wote walikuwa wametoka juu kwa baridi."

"Gunia?" nikauliza. "Alienda na gunia tupu."

"Lilikuwa nusu. Alikuwa anarudi."

Wangari alianza kulia. Mimi niliangalia ukungu.

Nilimwuliza amelala wapi. Aliniambia: Wang'uru, kando ya mfereji, pale siku hizi malori yanapongojea kupimwa.

Nitasema ukweli, nilitaka kumpiga. Kipofu, mgonjwa, nilitaka kumpiga. "Ulinijua lini?" nikamwuliza.

"Siku ya kwanza. Uko na kichwa chake."

"Na ukanyamaza."

"Nilikuuliza kila mwaka. Ulisema ni mchele." Aligeuza uso ukanipata. "Wewe ulikuwa unatafuta mdeni, Baba Wangari. Mimi niko na marehemu. Sikuweza kukupa yeye umtandike."

Hilo sijamsamehe lote mpaka leo. Lakini nikilipima naona alisema kweli.

Wangari alifungua kompyuta magotini hapohapo, na Katekista akamtajia yale maneno ya siri kutoka kichwani, jina kwa jina. Mtandao wa huko juu ni wa kubahatisha, ulikuja na kupotea kama huo ukungu. Kila lilipohuishwa jina moja Wangari alisema, "Limeingia," na mzee alipumua. La baba lilikuwa la kwanza. Akaniuliza mara ya mwisho, "Unalitaka?"

"Nalitaka."

"La nini?"

"La baba."

"Basi ni lako. Na hawa wengine utawalipia na kuwaita, mpaka watu wao waje."

Wakati wa kuondoka nilimwambia nitamsajilia lake pia, nimlipie miaka mingi mbele, mtu kama yeye asipotee. Akakataa kwa mkono. "Mimi niko na watu, watanizika. Langu liacheni lipumzike. Msiliandike."

Alizikwa na watu wengi sana, Oktoba. Hakunihitaji. Nilienda hata hivyo, na nilibeba udongo kwa sepetu mpaka nikatokwa na jasho.

Leo niko na lori na pikapu. Niko na mashine ya kukoboa mchele Wang'uru, ghala, nyumba ya mawe Othaya na ekari mbili za majani chai yangu mwenyewe. Niko na ng'ombe watatu, mke, na wasichana wanaonishinda akili. Niko na kaburi moja kando ya mfereji, lenye jiwe na ua, na malori yanaegesha mbali nalo. Niko na jina la biashara linalouza mchele. Niko na majina ya watu nisiowajua, nayalipia kila mwaka, na alasiri za mvua nayaita. Na niko na jina moja la .co.ke ambalo halijauza hata kilo. Ukiliandika, litakuuliza kama umekula.